Walivyozika Uvimbe Wangu

Nianze kwa kusema kwamba bado nina hasira. Watu wanaosimulia magonjwa yao huwa wamekwisha kumsamehe kila mtu kabla ya kushika kalamu. Na mimi niliisubiri hiyo siku, nikaona haiji, nikaamua kuandika hivi hivi. Kuna mwanamke mahali fulani, Kakonko au Buhigwe au kokote kule, ambaye leo tumbo lake limevimba na watu wamekaa wanamhesabia miezi. Huyo ndiye ninayemwandikia. Wengine wakisoma wakajitambua, shauri yao.

Jina langu ni Spesioza. Nilizaliwa Titye, Kasulu, nikaolewa Kitahana, Kibondo, na Filbert. Tulijaliwa binti mmoja, Neema. Kazi yangu ni ushonaji, na cherehani yangu ilikuwa barazani kwa mama mkwe, kwa sababu Filbert ni mwanaye wa pekee wa kiume na tuliishi naye mji mmoja. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nikishaanza sitapata tena nafasi ya kulisema. Mwezi wa pili mwaka 2012 Filbert alikwenda Uvinza kufanya kazi kwenye chumvi, akaniacha na mama yake na mtoto wa miaka minne.

Tumbo lilianza kiangazi cha mwaka huo huo. Mimi napima watu viuno kila siku, kwa hiyo niligundua kabla ya mtu mwingine. Sketi iliyokuwa inanizunguka vizuri mwezi wa tano, mwezi wa saba haikufunga, wakati mashavu yangu yalikuwa yanabonyea na mikono inakonda. Upande wa kushoto kulikuwa na uzito, kama nimebeba kitu kinachobingirika ninapogeuka kitandani. Hedhi ilikuwa inakuja kama kawaida. Nilimwambia mama mkwe hivyo, kwamba damu yangu naiona kila mwezi. Aliniangalia tumboni, na nikajua anahesabu.

Nilikwenda zahanati. Nesi aliyekuwepo hakunigusa. Aliangalia tumbo kwa macho tu, akaniandikia kadi ya kliniki ya wajawazito na kuniambia nikae kwenye benchi na wenzangu. Nikamwambia sina mimba. Akacheka, akasema wanawake wote wa mimba ya kwanza au ya pili husema hivyo, na kwamba kipimo cha mkojo kimekwisha, nirudi mwezi ujao. Nilirudi. Mara ya tatu wakanilaza, wakaweka kile chombo cha kusikilizia mapigo ya mtoto, wakahamisha huku na huku, hawakusikia kitu. Yule nesi alinyanyuka akasema, mbele ya wanawake wanane waliokaa mlangoni, kwamba mtoto amelala.

Yeye alikuwa na maana kwamba mtoto amekaa vibaya tumboni. Lakini hebu fikiria neno hilo linatoka mlangoni pa zahanati linateremka mpaka sokoni. Kwetu wapo wengi wanaoamini kwamba mimba inaweza kulazwa. Mwanamke anakunywa dawa, mtoto anasinzia humo tumboni mwaka, wakati mwingine miaka, mpaka mama yake atakapotaka azaliwe. Na nani anayemlaza mtoto? Ni mwenye sababu ya kumficha. Filbert alikuwa Uvinza tangu mwezi wa pili, na mwenyewe nilikuwa nimesema kwamba tangu hapo damu naiona kila mwezi. Basi hesabu ikafungwa, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuambiwa jibu lake.

Mvua za kupandia maharage zikaja, nikalima nimeinama na lile tumbo, watu wakipita barabarani wanasalimia "mwakeye" na macho yako kwenye kitenge changu. Krismasi ikapita. Mpaka mwezi wa tatu 2013, masika imeshika, siku moja nakata sare za shule, maumivu yakanipinda upande wa kushoto nikaangusha mkasi. Nilitapika mpaka nyongo. Walinibeba kwa baiskeli mpaka barabara kubwa, tukapata gari la mizigo, na nikafika hospitali nimelowa matope na matapishi. Hospitali yenyewe sitaitaja, maana waliokosea pale hawakunikusudia ubaya.

Huko walikuwa na kipimo cha mkojo. Hakuna mimba. Wakapiga picha ya tumbo: uvimbe, kwenye kifuko cha mayai cha kushoto, mkubwa, na umejisokota. Nakumbuka nilivyofurahi. Utasema mwanamke gani huyu anafurahia kuambiwa anapasuliwa, lakini nilikuwa nawaza kwamba sasa wataamini. Mama mkwe alikuwepo, amesimama na kanga yake imebana kifuani, na aliyasikia yote. Nikaingia chumba cha upasuaji nikiwa na amani.

Hapa ndipo inabidi nieleze jambo la kwetu. Mwanamke wa kwetu akijifungua, kondo la nyuma halitupwi. Linarudi nyumbani na kufukiwa migombani, pale pale lilipofukiwa la baba wa mtoto na la babu yake. Hata hospitali wanajua, na manesi wa huku wamezoea bibi wanaosubiri nje na ndoo ndogo zenye mifuniko. Mama mkwe, akiwa ameshika moja tu kati ya yote aliyoyasikia, kwamba kuna kitu kinatolewa tumboni mwa mkwe wake, alifanya kile ambacho angefanya mama yeyote wa Kitahana. Aliomba apewe. Na nesi wa zamu, ambaye amewapa bibi wengine mia, akampa. Hakuna aliyeniuliza, nilikuwa nimelala na dawa. Hakuna aliyemweleza yeye ndani kuna nini. Akapanda gari na ndoo yake miguuni akaenda zake nyumbani.

Siku ya pili daktari alipita wodini. Akaniambia ulikuwa uvimbe wenye ukubwa wa papai, umetoka wote na kile kifuko chake, nipumzike. Kisha akamgeukia nesi akauliza kipande cha kupeleka Mwanza kupimwa kiko wapi, maana lazima ijulikane kama uvimbe ni wa aina mbaya, yaani saratani. Alipojua umekwenda Kitahana kwenye ndoo alikasirika mpaka kalamu ikamtoka mkononi. Akafoka, akaondoka, na katika kufoka kwake kote hakunigeukia kuniambia kile kitu kilikuwa nini. Nililala na maswali mawili: je, ni wa aina mbaya, na kwa nini nyumbani hakuna anayekuja.

Aliyekuwa ananitunza ni mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Titye. Na kitanda cha pili kulikuwa na mama mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi, tulikuwa tunamwita Mama Furaha, titi lake moja lilikuwa limekatwa. Alinichana nywele kila asubuhi kwa sababu mimi sikuweza kuinua mikono bila mshono kuvuta. Nilipomweleza yanayosemwa kuhusu mimi alinisukumia bakuli la uji.

"Baache baseme, mama," aliniambia. "Weye kula kwanza, kisha tutabatukana."

Nilikula. Ni katika mambo machache ya miezi ile ambayo nikiyakumbuka natabasamu.

Filbert alifika siku ya sita. Alikuwa amepitia nyumbani kwanza. Hakukaa kitandani, hakunigusa, alisimama pale miguuni na kofia mkononi.

"Nimeonyeshwa kaburi," alisema. "Niambie ni wa nani."

Nilidhani mama mkwe amefariki. Ikabidi aniambie yeye mwenyewe, kidogo kidogo, huku wagonjwa wengine wamenyamaza kusikiliza. Mama yake alifika nyumbani na ile ndoo, akachukua jembe, akaenda migombani, na kabla ya kufukia akafunua. Akaona nywele. Nyeusi, ndefu, zimejisokota kwenye mafuta. Akageuza kwa kijiti akaona meno, na gego moja. Alipiga ukelele, majirani wakaja, na walioangalia waliwahadithia waliokataa kuangalia. Wakasema huyu ni umwana, ni mtoto, huyu ndiye yule aliyelazwa, ameozea tumboni kwa dawa za mama yake. Wakamfunga kwa shuka jeupe. Wakachimba kaburi dogo katikati ya migomba. Katekista aliitwa, akakataa kusali kwa kuwa hakujua anamsalia nani, wakasali wenyewe. Wanawake wakatandika mikeka, wakakaa msiba siku tatu.

Hebu nikuulize wewe uliyezaa. Mwanao alizaliwa na meno mangapi? Wanawake waliokaa kwenye ile mikeka walikuwa na watoto sita, saba, tisa kila mmoja. Wamewanyonyesha wote, wamekesha nao meno yanapotoka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza iweje kichanga kiwe na gego, halafu kisiwe na kichwa. Hakuna aliyetafuta mkono. Hakuna aliyeuliza macho yako wapi. Waliona nywele na meno, sehemu nyingine za mtoto wakazijaza wenyewe kwa maneno, na wakamlilia aliyekamilika.

Niliporudi Kitahana mshono ulikuwa bado mbichi. Cherehani yangu ilikuwa imetolewa barazani imewekwa chini ya upenu wa jiko, inanyeshewa. Ukoo ukakaa. Masharti yalikuwa haya: nitaje mwanaume, nikiri kwamba nilimlaza mtoto, nitakaswe, halafu nirudi kwa mume wangu na binti yangu. Bila hivyo niende kwetu, na Neema abaki, kwa sababu mwanamke aliyeua mmoja hawezi kuachiwa mwingine. Maneno hayo aliyasema mama mkwe mwenyewe, kwa Kiha, taratibu, huku analia kweli. Alikuwa anamlilia mjukuu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba machozi yake hayakuwa ya uongo.

Sikutaja mtu. Nilikwenda Titye na cherehani yenye kutu, bila mtoto.

Nisikilize nikueleze mwaka ule ulivyokuwa, maana huenda uko ndani yake sasa hivi. Kovu langu lilivimba likawa jekundu kama mnyoo, likawasha kila jasho lilipolifikia. Nywele za kichwani zikakatika pembeni. Nikikaa muda mrefu kwenye cherehani mgongo unakufa ganzi. Na kwa kuwa hakuna aliyejua ule uvimbe ulikuwa wa aina gani, kila baada ya miezi mitatu nilitakiwa hospitali kuangaliwa tena. Kuvuna mahindi, hospitali. Kuvuna muhogo, hospitali. Kwenye benchi lile la saruji nilikaa nikitazama mlango wa chumba cha picha, nikijipapasa tumbo kwa kidole kimoja ndani ya kitenge, kila nikigusa kitu kigumu nakuta ni utumbo tu uliojaa kinyesi. Waliokuwa jirani yangu kwenye benchi waliniuliza nina ujauzito wa miezi mingapi. Nilijifunza kusema sita ili wanyamaze.

Mama yangu naye alichoka. Alinipenda, lakini alichoka kuulizwa sokoni. Siku moja tunamenya muhogo akaniambia kwamba kuna jambo amelifikiria. Kulikuwa na fundi baiskeli wa Kitahana aliyefariki mwaka uliopita, hakuacha mke wala mtoto. Nimtaje huyo. Marehemu hatabisha, ukoo utaridhika, mtoto atarudi mikononi mwangu, na maisha yataendelea. Alikuwa ameshapanga mpaka nitakavyosema tulikutania wapi. Nilicheka, nikalia, nikamwambia hapana. Alikasirika kwamba naweka jeuri mbele ya mtoto. Na kweli kuna asubuhi nilizoamka nimeshakubali, jina la yule marehemu liko mdomoni, nikavaa viatu kabisa kwenda barabarani kutafuta gari la Kibondo.

Kilichonizuia ni Neema mwenyewe. Niliruhusiwa kumwona mara mbili mwaka ule, uani, mbele ya bibi yake. Mara ya pili nilikuwa nimemshonea gauni la njano. Alilivaa, akageuka-geuka, kisha akaja kuniegemea gotini.

"Mama," aliniuliza, "na mimi ulitaka kunilaza?"

Alikuwa na miaka mitano. Hata kama ningeweza kukiri uongo mbele ya wazee wote wa Kibondo, nisingeweza kuukiri mbele ya mtoto yule, kwa sababu angekua nao. Angelala akijua kwamba yeye aliponea chupuchupu kwa mama yake. Nikaapa pale pale kwamba nitakufa bila kutaja jina, na nikarudi Titye nikiwa nimemchukia kila mtu kwa usawa.

Kiangazi cha 2014, kwenye picha ya kawaida ya miezi mitatu, wakaona kitu upande wa kulia, mdogo, kama ndimu. Nililia, kwa woga wa kweli. Nilikuwa nimebakiwa na kifuko kimoja tu. Halafu, nikiwa bado nafuta machozi, nikaanza kuhesabu, safari hii mimi ndiye niliyehesabu. Mwaka mzima na zaidi nimekuwa Titye, nalala kitanda kimoja na mama yangu, sina mume wala mchumba wala marehemu. Huyu naye nimemlaza wa nani?

Daktari alikuwa mpya, binti wa pwani, mdogo kuliko mimi, anaitwa Rehema. Nikamwambia yote, nikidhani atanikatisha kama wengine. Aliweka kalamu chini. Akachukua fomu iliyoharibika, akaigeuza, akachora mistari mitatu.

Akasema mtu yeyote, kabla hajawa na umbo, akiwa bado mdogo kuliko punje ya ulezi, anajipanga kwanza katika tabaka tatu. Tabaka la nje litakuja kuwa ngozi, nywele, kucha, gamba gumu la jino, na hata ubongo na mishipa ya fahamu. La kati litakuwa mifupa, nyama, damu, moyo, figo. La ndani litakuwa utando wa utumbo, mapafu, ini. Mtu mzima wote anatoka kwenye hizo tatu. Na yai la mwanamke, likiwa bado limekaa kwenye kifuko chake, lina maelekezo ya zote. Mara chache yai moja linaanza kazi lenyewe. Halikukutana na mwanaume, halikuambiwa lianze, wala hakuna mpangilio. Linatoa ngozi hapa, nywele pale, jino, kipande cha mfupa, mafuta mengi. Haliwezi kuwa mtoto hata likikaa miaka kumi. Aliniuliza kama nimeelewa. Mimi ni fundi nguo, nikamwambia ni kama cherehani iliyoachwa inajishonea yenyewe: kitambaa cha juu kipo, bitana ipo, mshono upo, lakini hakuna nguo. Akasema hivyo hivyo.

"Halina baba, dada," aliniambia. "Kila kilichokuwemo ni chako."

Niliangalia ile karatasi. Maelezo yote yalichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, na hakikuwa kikombe kikubwa. Kulikuwa na daktari aliyenipasua, aliyejua haya yote. Kulikuwa na nesi aliyekabidhi ndoo. Kama mmoja wao angekaa na mama mkwe kwenye lile benchi, akachora mistari mitatu, binti yangu asingekaa mwaka na nusu akiambiwa mama yake ni muuaji. Nilimwambia hivyo Daktari Rehema na sauti yangu haikuwa ya chini. Hakujitetea. Alisema pole, halafu akaniuliza nataka nini.

Nikamwambia nataka aukate mbele yao.

Alisita. Alisema si kawaida, inabidi aombe ruhusa, na sehemu yake lazima iende Mwanza safari hii. Siku mbili baadaye akaniambia wamekubali kama mimi mwenyewe nitatia saini. Nilitia saini haraka kuliko nilivyotia kwenye cheti cha ndoa. Kisha nikampigia Filbert simu, nikamwambia aje na mama yake, nimeamua kuusema ukweli wote. Alidhani naenda kukiri. Kama ningemwambia vingine, asingekuja.

Walinifanyia upasuaji mwezi wa kumi na moja, mvua zinaanza. Daktari Rehema aliumenya ule uvimbe akauacha mwili wa kifuko, nashukuru kwa hilo mpaka leo. Siku ya pili wakanisukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka chumba kidogo cha nyuma. Filbert alikuwa amekaa, mama mkwe amesimama. Kwenye sinia ya bati kulikuwa na kitu cheupe, laini, kama tumbo la kuku. Mimi nilikuwa sijawahi kukiona hicho wala cha kwanza.

Alipokata, mafuta ya njano yakatoka, na ndani yake nywele. Mama mkwe alifunika mdomo. Daktari hakuharakisha. Alichambua kwa koleo yake, anaweka vitu kwenye kitambaa kimoja kimoja, anasema. Hii ni ngozi, nywele zimeota juu yake, hii ni ya tabaka la nje. Hili ni jino, angalia, ni gego, gego la mtu mzima. Huu ni mfupa, huu ni wa kati. Hiki kinachoteleza ni utando kama wa utumbo, wa ndani. Akamgeukia Filbert, akamwambia hapa hakuna mwanaume, kaka, hata wewe humo. Akamwambia atafute kichwa, mkono, mguu, au moyo, akampa koleo. Filbert hakuipokea.

Mama mkwe aliuliza swali moja tu. Aliuliza kama kitu kile kilisikia maumivu. Daktari akamjibu hapana, bibi, humo hamkuwa na mtu wa kusikia. Mama mkwe akatikisa kichwa, akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli.

Filbert alilia. Aliomba turudiane pale pale, mbele ya sinia. Nikamwambia nina mshono wa siku moja, na ninamtaka binti yangu kwanza, yeye tutazungumza. Mpaka naandika haya bado tunazungumza. Ana haki ya kusubiri kidogo na yeye.

Majibu ya Mwanza yalifika baada ya mwaka mpya: si wa aina mbaya. Kuhusu ule wa kwanza hatutajua kamwe, uko ardhini. Ninachojua ni kwamba nipo, na kila miezi sita naangaliwa. Kwa hiyo wewe mwenye tumbo, kabla hujaingia chumba cha upasuaji, sema kwa mdomo wako kwamba kitakachotoka kisipewe mtu mpaka daktari akueleze wewe ni nini. Mtafute ndugu mmoja mkaidi, akae mlangoni. Na daktari akueleze kwa Kiswahili cha kawaida. Akisema hana muda, mwambie ni muda wa kikombe cha chai.

Mwezi wa kwanza 2015 nilikwenda Kitahana kumchukua Neema aanze darasa la kwanza Titye. Alikuwa amekua, lile gauni la njano lilimfika magotini. Nilimkuta mama mkwe migombani. Kaburi lilikuwa limezungushiwa mawe, limepaliwa safi, na pembeni ameotesha maua mekundu. Niliona kwamba analihudumia kila wiki. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa tangu ule mwezi nilipoondolewa, makali yote, nimeyapanga moja baada ya jingine.

Aliniuliza bila kugeuka.

"Sasa yule niliyemzika alikuwa nani?"

"Ulinizika mimi, mama," nikamwambia. "Nywele zangu, meno yangu, mwili wangu. Mlikaa kwenye mikeka siku tatu mnanililia, na mimi nilikuwa kitandani hospitali, sikuona hata mmoja wenu akija kuniuliza nimeamkaje."

Alikaa chini, pale pale kwenye udongo uliolowa. Baada ya muda akainuka, akaniuliza kwa Kiha nimeamkaje.